Barafu ya Awino

Kuna asubuhi moja ya Jumamosi, mwanangu, ambayo mpaka leo nikiamka vibaya ndiyo huja mbele ya macho yangu. Nilifungua mlango nikamwage majivu ya jikoni, nikakuta gongo limeegemezwa ukutani karibu na mtungi wa maji. Lilikuwa la Awino. Nililijua kwa ile kamba ya neti ya samaki aliyoifunga pale pa kushikia. Mtu hakuwepo. Gongo tu, limepanguswa udongo, limesimama kama mgeni anayengoja kukaribishwa.

Mimi nilicheka. Nilisema, huyu mtoto ana haraka, mechi ni saa nne na yeye ameshaleta gongo. Nikamwaga majivu, nikachemsha uji. Nikanywa uji, mwanangu. Nikautia sukari.

Sasa ngoja nikuambie kwa mpango.

Mimi nilizaliwa Homa Bay, upande wa ziwa. Shule niliishia darasa la sita, kwa hiyo ukiona mahali nimeandika vibaya, soma tu usonge mbele. Lakini michezo, hiyo sikuishia darasa lolote. Nilikimbia, niliruka juu, nilicheza netiboli. Nilisimama golini kwa timu ya wavulana siku kipa wao alipovunjika kidole, na kidole kilipopona wakamwambia akae tu nyumbani. Kwa kuvuta kamba mimi ndiye niliyekuwa wa nyuma kabisa, yule anayejizungushia kamba kiunoni. Tulikuwa na sufuria na beseni za zawadi mpaka mama anawapa majirani. Watu walimuuliza, "Huyu binti yako mchezo wake hasa ni upi?" Mama anajibu, "Ule unaochezwa leo."

Halafu nikaolewa huku Migori, Masara, kwa watu wa dhahabu. Michezo ikakoma. Usifikiri kuna mtu aliyenikataza. Ilikuwa tu mwanamke aliyeolewa hakimbii isipokuwa nyumba inaungua.

Miaka ya tisini ilipoingia, kulikuwa na Sista mmoja wa misheni, mwanamke mrefu, pua imeiva kwa jua, tukimwita Sista Klara. Alitoka nchi ambayo maji ya ziwa huganda mpaka lori linapita juu yake. Siku moja akafungua sanduku lililotoka kwao, ndani kuna magongo marefu yaliyopinda chini kama mguu na unyayo wake, na visahani vyeusi vya raba ngumu. Akatuambia kwao hicho kisahani ndicho mpira, na mchezo wenyewe unachezwa juu ya barafu, mmevaa viatu vyenye visu.

"Visu miguuni?" mwanamke mmoja akauliza. "Na jioni mnafika nyumbani mkiwa wazima?"

"Wengine," Sista akasema. Akafungua mdomo akatuonyesha pengo la jino. Tukampenda hapo hapo.

Barafu sisi tuliijua. Kule Homa Bay ilikuja na malori ya samaki, imefunikwa maranda ya mbao, na sisi watoto tulikimbia nyuma tukiokota vipande na kuvinyonya, vinanuka mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwani. Lakini barafu ya kusimamia mtu, hiyo hapana. Basi Sista akazunguka Masara nzima akitafuta mahali, akapata pale kwenye mashine za kusaga mawe. Palikuwa na uwanda wa ule udongo uliokwisha kuoshwa dhahabu, umekauka, umeshikana, laini juu kama sakafu. Ukipiga kisahani pale kinakwenda bila kumuuliza mtu. Jioni tulikuwa tunanyunyiza maji na kuvuta magunia juu yake, vile mwanamke anavyosiriba nyumba, na asubuhi pamekuwa sahani. Siku hizi wanasema udongo ule una sumu. Siku zile aliyejua hakutuambia.

Wasichana walicheza miguu mitupu. Mimi nikiwa na mtoto mgongoni nilishika gongo mara moja, kujaribu tu, na mwili ukakumbuka kila kitu. Sista akanitazama. Alipougua akarudishwa kwao, siku ya kuondoka alinivika filimbi yake shingoni. Hivyo ndivyo nilivyokuwa kocha wa mchezo wa barafu, mimi huyu wa darasa la sita, Masara, na jua linapasua vichwa.

Watu wa mashimo walitoka kazini wamejaa vumbi, wakakaa juu ya marundo ya mawe kututazama. Kutazama si kubaya. Midomo yao sasa.

"Nyinyi mnafagia nini hapo?"

"Mnaua nyoka? Amepita huku, mpigeni!"

"We mrefu, njoo ufagie kwangu, nina nyumba chafu!"

Na wasichana wangu hawakuzaliwa mabubu. Mmoja anageuka, "Nyumba yako aifagie mama yako!" Marundo yote yanalipuka kwa kicheko, na huku nyuma kisahani kimeshapita katikati ya miguu yake kimeingia golini. Nikaona hii haifai. Nikaweka sheria: ukiingia uwanjani mdomo unafungwa, gongo ndilo linaongea. Atakayejibu mtu wa rundoni, anakaa nje. Niliwakalisha nje wengi. Mwishowe wakawa wanacheza kimya kabisa, unasikia raba tu inakwaruza udongo. Watu wa mashimo wakachoka kutukana watu wasiojibu. Wakaanza kutazama mchezo.

Sheria ile ilikuwa nzuri. Nasema hivyo mpaka leo. Ilikuwa nzuri pale uwanjani.

Aliyeishika kuliko wote ni Awino. Huyu alikuwa mtoto wa kwanza wa Ochola, jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Mama yao alikuwa amefariki, wakalelewa na mama yake Ochola, bibi kizee tuliyemwita Dani, maana kwa Kijaluo ndilo jina la nyanya. Nyumba ilikuwa na wasichana wawili, Awino na mdogo wake Akoth. Akoth alikuwa na maneno ya watu wawili. Awino alikuwa na kiganja. Sijui nikuelezee vipi kiganja kile. Wengine walipiga kisahani kwa mabega, kwa hasira, kama wanapasua kuni. Yeye alizungusha kifundo cha mkono kidogo tu, kama mtu anayegeuza chapati, na kisahani kinakwenda kusimama pale pale alipotaka, mbele ya mguu wa mwenzake, kimelala. Mimi nimecheza kila kitu kinachochezwa pande hizi na sikuwahi kuwa na mkono huo. Nilikuwa na nguvu. Yeye alikuwa na kitu kingine.

Alikuwa amemaliza darasa la nane, amepita vizuri, anakaa nyumbani kwa sababu baba alisema shule ya sekondari ingoje. Sasa Sista Klara kabla hajaondoka alikuwa amezungumza na mwalimu mkuu wa shule moja ya bweni ya wasichana, mbali huko, mama aliyependa michezo. Mwalimu akakubali kuja kututazama. Akimpenda msichana, anamchukua mpaka kidato cha nne, na baba haulizwi kitu. Siku ikapangwa, Jumamosi.

Tulijua ni nani atachukuliwa. Hata watu wa mashimo walijua. Yule aliyekuwa akiita wengine waje wafagie alikuja mwenyewe na jembe kusawazisha kona moja iliyokuwa imebomoka. "Huyu wa Ochola asije akajikwaa hapa mbele ya mgeni," akasema.

Wiki ile ile, mwanangu, wiki ile ile, akatokea mtu wa kumtaka Akoth.

Kijana mzuri, mwalimu wa shule ya msingi upande wa Kehancha, watu wake wana ng'ombe. Akoth alimpenda kweli. Lakini wewe unajua kwetu mdogo hamtangulii mkubwa. Si kwa kuoa, si kwa kuolewa, si kwa kujenga. Ukimruka mkubwa wako umeita chira, ule ugonjwa wa kukonda usiosikia dawa, na si lazima ukushike wewe, unaweza kungoja watoto wako. Usicheke. Nimewaona watu waliocheka.

Sasa watu wa Kehancha wanataka jibu, na Awino bado yuko nyumbani. Ochola akafanya vile wanaume wanavyofanya wakibanwa, akatafuta njia fupi. Palikuwa na mvuvi wa upande wa Homa Bay, aliyefiwa na mke, aliyekuja Masara kujaribu bahati ya dhahabu akashindwa, sasa anarudi ziwani na hana mtu wa kumpikia. Ochola akampa Awino. Mkubwa atangulie, mdogo afuate, kila kitu kiwe sawa. Ilikuwa hesabu ya mtu mmoja, kichwani mwake, akiwa amesimama karibu na mashine inayopiga kelele.

Dani hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwenye matanga ya kaka yake, kule alikozaliwa. Ochola hakumngoja.

Na Awino aliambiwa. Hakutekwa, usije ukafikiri hivyo. Aliambiwa Jumatano na baba yake, na Alhamisi akaja mazoezini, na Ijumaa akaja mazoezini. Hakusema kitu kwa mtu yeyote. Ijumaa alicheza vile sijawahi kumwona akicheza. Tulipomaliza, wenzake wakiwa wanachota maji ya kunyunyizia uwanja, akanijia akiwa ameshika gongo lake mbele kwa mikono miwili.

"Kocha."

"Sema."

"Kama mchezaji hajafika siku ya mechi, mnaanza bila yeye?"

Nilikuwa nahesabu magunia. Nikamwambia, "Tunaanza. Kisahani hakimngoji mtu, hata kama ni wewe." Nikacheka. Akatabasamu kidogo, akainama, akashika gunia akalivuta na wengine mpaka uwanja ukaisha. Jioni ile yule mvuvi akamchukua, wakashika gari la kwenda Homa Bay. Njiani alipita kwangu akaegemeza gongo. Mimi nilikuwa ndani nikilaza mtoto.

Basi Jumamosi nilikunywa uji, nikachukua gongo lile begani nimpelekee mwenyewe. Nilipoingia kwa Ochola nikamkuta Akoth amekaa chini kwenye mlango wa jikoni, macho yamevimba.

"Awino yuko wapi?"

Akatazama gongo, akaanza kulia upya. Ochola akatoka ndani. Ochola hakuwa mtu mbaya. Napenda ulielewe hilo, maana mtu mbaya ungemtambua ukamkimbia.

"Mama, karibu," akasema. "Awino ameolewa. Tunamshukuru Mungu."

"Ameolewa lini? Jana nilikuwa naye!"

"Jana."

"Ochola, mwalimu wa shule anafika saa nne!"

"Na watu wa Akoth wanafika kesho." Hakupandisha sauti. "Wewe una watoto wa kucheza, mimi nina watoto wa kuzika au kuozesha. Akoth akimtangulia mkubwa wake halafu chira imshike, wewe na gongo lako mtakuja kumuuguza?"

"Awino mwenyewe alisema nini?"

"Hakusema kitu. Angekataa ningesikia. Nilimwambia, akanyamaza, nikajua amekubali."

Tukiwa tumesimama hivyo, Dani akaingia langoni. Amerudi matangani na gari la alfajiri, kitambaa cha kilio bado kichwani, fimbo mkononi, miguu imejaa vumbi. Akatutazama mmoja mmoja. Akatazama gongo begani kwangu.

"Nani amekufa hapa?" akauliza.

Akoth ndiye aliyemwambia. Kwa mara ya kwanza maishani alisema maneno machache. Dani akakaa chini pale pale katikati ya uwanja wa nyumba, hakuomba kiti.

"Ochola," akasema, "shangazi yako aliolewa wapi?"

"Kwa watu wa Rongo, mama."

"Na dada yake mkubwa alikuwa ameolewa?"

Ochola akatazama lango.

"Nakuuliza wewe! Alikuwa ameolewa? Hakuwa! Alikuwa hapa hapa, anakama ng'ombe. Mdogo alipiga magoti mbele yake, mimi nikiwa nimesimama hapo kwenye ghala. Akamwomba njia kwa mdomo wake. Mkubwa akamjibu kwa mdomo wake, nimekuachia, pita. Tukafungua ua huku nyuma, akatokea hapo, lango halikumwona. Akazaa, akazeeka, akazika meno yake yote. Chira ilimpata wapi?"

"Mimi sikujua, mama."

"Utajuaje na hukuuliza? Kuna njia! Wazee hawakuwa wajinga wafunge nyumba bila kuacha mlango. Kinachotakiwa ni mdomo wa mkubwa tu. Neno moja. Nimekuachia." Akamgeukia Akoth. "Na wewe mwenye maneno kama mvua, ulimwomba dada yako njia?"

"Sikujua kama naweza, Dani."

"Ulimuuliza kama anataka kwenda huko?"

"Alikuwa amenyamaza..."

"Na wewe." Hapo ilikuwa zamu yangu. Alininyooshea fimbo, si kwa hasira, kama mtu anayeonyesha mahali palipoezuliwa na upepo. "Wewe nyar Homa Bay, binti wa huko. Mimi nimekuwa nikija kukaa kwenye kivuli cha mashine kuwatazama. Umewafundisha vizuri. Wanatukanwa na wanafunga midomo. Nilifurahi, nikasema hawa watakuwa wanawake wenye heshima. Sasa niambie. Pale uwanjani uliwafundisha kuufunga. Ni wapi uliwafundisha kuufungua?"

Nilitaka kumjibu, mwanangu. Nilikuwa na maneno mengi kifuani, kwamba mimi si baba yake, mimi si mama yake, mimi nimejitolea bila hata chai. Yote yalikuwa kweli. Hakuna hata moja lililokuwa jibu.

Nikamwambia, "Dani, twende tumrudishe. Leo. Homa Bay naijua, ni kwetu."

Akatikisa kichwa. "Ameshakula chungu cha boma lile. Amelala chini ya paa lao, na mama mkwe amemwita jina. Nikimtoa leo, namtoa kama nani? Na arudi hapa awe nani? Jana adhuhuri ningemzuia kwa fimbo hii. Juzi ningemzuia kwa neno." Kisha akasema kitu ambacho Ochola alikwenda nacho mpaka kaburini, najua hivyo kwa sababu aliniambia mwenyewe akiwa mgonjwa. Alisema, "Mtoto aliyelala kwenye nyumba yangu tangu alipoachishwa ziwa amekwenda kwa mume na sijui sauti yake ikikataa inakuwaje."

Mechi ilichezwa. Ungetaka nifanyeje? Mgeni amefika, wasichana wamevaa. Walicheza na timu ya misheni, wakashinda hata. Mwalimu mkuu alikuwa mama mnene, mpole, ameshika mwavuli. Filimbi ya mwisho ilipolia akanisogelea. "Yule mliyeniambia ni yupi? Sikumtambua."

"Ameolewa," nikasema.

"Lini?"

"Jana."

Alinitazama juu mpaka chini. Nilijua anaona nini: mwanamke wa kijijini mwenye filimbi, aliyempotezea siku. "Wengine ni wazuri," akasema kwa adabu, "lakini nilikuja kwa ajili yake." Akafunga mwavuli, akaingia kwenye gari. Hakumchukua mtu. Hakuja tena.

Akoth aliolewa na mwalimu wake, kwa lango kuu, mkubwa akiwa ametangulia kama inavyotakiwa. Nyumba yake ni nzuri na watoto wake wamesoma. Tukikutana sokoni Migori anavuka barabara. Namwacha avuke.

Miaka ikapita, bado ile ile ya tisini, nikarudi Homa Bay kumtazama mama yangu aliyekuwa ameanguka. Siku ya kurudi nikapita kwenye banda la samaki karibu na maji, ninunue wa kubeba. Lori la barafu lilikuwa limefika. Wanaume walikuwa wanashusha mapande makubwa wanayatupa kwenye sakafu ya saruji iliyolowa, wanawake wanayapasua na kuyasukuma kwa masepetu kuelekea masanduku ya mbuta. Kelele, maji, harufu. Mimi nimesimama pembeni na kikapu changu nimeinua sketi kidogo isilowe.

Kipande kimoja kikapita mbele yangu kwenye sakafu. Hakikuruka wala hakikugonga kitu. Kilipita katikati ya miguu ya wachukuzi wawili, kikazunguka beseni, kikaenda kusimama mbele ya mwanamke aliyekuwa upande wa pili amefungua sanduku. Kikalala hapo. Yule mwanamke hata hakushangaa, aliinama tu akakiokota.

Nilijua kabla sijainua macho. Nilijua kwa kile kipande.

Alikuwa amekonda, buti za mpira zimezidi miguu yake, mikono imepasuka kwa baridi mpaka nyekundu. Mtoto mgongoni. Sepetu amelishika mbele kwa mikono miwili, vile vile.

"Kocha," akasema.

"Awino. Nyathina." Ndiyo kusema mwanangu.

Akatazama sakafu yote ile iliyojaa vipande vinang'aa, akatazama uso wangu. "Si ulituambia mchezo wenyewe ni wa barafu? Hii hapa. Nimefika."

Alicheka, na mimi nikajaribu kucheka naye, haikutoka. Msimamizi akapiga kelele kutoka mlangoni, "We nyar Migori! Barafu inayeyuka, nyinyi mnasalimiana?" Awino hakumjibu. Alisukuma kipande kingine, kikaenda kulala pale kilipotakiwa. Halafu akaniambia bila kunitazama, polepole, kama mtu aliyeliweka neno mahali kwa miaka mingi na sasa amelipata:

"Ile Ijumaa nilikuuliza. Nikangoja uniulize kwa nini."

Basi. Hakusema kwa ubaya. Alinichagulia samaki mwenyewe, akakataa nimlipe yeye, akasema nimlipe msimamizi, akamfunika kwa barafu nyingi ili afike Masara akiwa mzima. Njia nzima ilinidondokea miguuni. Nilipofika nyumbani samaki alikuwa mzima na barafu ilikuwa imekwisha.

Sasa wewe, mwanangu. Nimekuona. Umechaguliwa kwenye timu ya shule, kila mtu anakupigia makofi, na ukiulizwa mambo ya nyumbani unatazama vidole vya miguu. Unadhani ukishinda wataona wenyewe. Awino alidhani hivyo. Alidhani akicheza Ijumaa vile alivyocheza, mtu atajua. Hakuna aliyejua. Tuliona mchezo mzuri, tukaenda kupika.

Gongo linaongea uwanjani tu. Ukivuka mstari, ni fimbo ya mti. Baba yako hasomi kiganja chako, mwalimu wako hasomi, na mimi nyanya yako niliyecheza kila mchezo sikusoma. Kwa hiyo usiulize kwa pembeni. Usiseme "kama mchezaji hajafika." Sema: wananipeleka, sitaki, nisaidie. Iseme siku ile ile uliyoambiwa, usingoje Ijumaa. Wa kwanza akicheka, nenda kwa wa pili. Na wa pili akiwa anahesabu magunia, mnyang'anye magunia. Mila zetu zina milango huko nyuma ya ua, lakini wanaojua ilipo ni wazee, na mzee hafungui mlango ambao hajasikia ukigongwa.

Na siku utakapokuwa wewe ndiye mwenye filimbi, mtoto akikuuliza swali la ajabu, weka chini ulichoshika. Muulize kwa nini. Mimi tangu mwaka ule sikupuliza filimbi ya kuanza mazoezi kabla kila msichana hajasema kwa sauti kitu kimoja cha nyumbani kwao. Mwanzo walisema mbuzi amezaa, uji umeungua. Walicheka. Baadaye hawakucheka, na nilienda kukaa kwenye nyumba za watu ambao hawakuniita. Wengine niliwaokoa. Hilo halimrudishi Awino kutoka kwenye saruji ile, na sikuambii ili unisifu.

Gongo lake liko hapa, nyuma ya kabati. Kamba ya neti bado imefungwa. Lichukue. Mungu wa wazazi wangu akuongoze uwanjani na akurudishe nyumbani, akupe kiganja kama cha yule mtoto, na akupe ulimi ambao sikumpa. Ukiogopa, ogopa kwa sauti. Mimi masikio bado ninayo, na mlango wangu wa nyuma sikuupigia misumari.